Mshahara wa Mtu Mmoja
Wazee wetu na wanachama, yafaa ikumbukwe asili ya vyumba vyembamba vya Pumwani na Shauri Moyo. Zamani za ukoloni, Mwafrika wa Nairobi alilipwa mshahara wa mseja; mkewe na watoto walidhaniwa watalishwa na shamba la nyumbani. Huko Uingereza, sheria ya posho ya watoto ilipitishwa mwaka 1945. Hapa, Mei 1950, wafanyakazi waligoma wakidai shilingi 100 kwa mwezi. Mwaka 1954 Kamati ya Carpenter ilikiri kwamba mshahara sharti umtoshe mtu na jamaa yake. Hazina ya akiba ya uzeeni ikaanzishwa mwaka 1965. Haki hizo hazikuletwa na upepo, zilidaiwa. Basi nasi tusinyamaze.