Makerere: Jinsi Shahada Ilivyoshuka Thamani

Wazee wa Kampala husema kwamba zamani mwenye shahada ya Makerere hakutafuta kazi, kazi ndiyo iliyomtafuta. Ni kweli. Ila sababu wanayoitoa, kwamba wanafunzi wa leo ni wavivu, haitoshi.

Makerere ilianza mwaka 1922 kama shule ya ufundi. Mwaka 1949 ikawa chuo chini ya Chuo Kikuu cha London, na shahada zilitoka huko. Wahitimu walikuwa wachache mno, na uhuru wa 1962 ulipofika serikali ilihitaji watu wa kushika nafasi za Waingereza. Sehemu kubwa ya thamani ile, basi, ilikuwa uadimu tu. Hata chumvi ikiadimika hupanda bei.

Enzi ya Idi Amin wahadhiri wengi walikimbia. Makamu Mkuu wa Chuo, Frank Kalimuzo, alikamatwa 1972 asionekane tena. Lakini badiliko kubwa zaidi, kwa maoni yangu, lilikuja kimyakimya miaka ya 1990. Serikali, ikifuata masharti ya Benki ya Dunia, ilipunguza watumishi wake, na chuo kikaanza kupokea wanafunzi wa kujilipia, wengi wao wa jioni. Kuufungua mlango hakukuwa kosa: karani aliyeshinda ofisini angesoma lini kama si jioni? Kosa ni kwamba karo iliingia, lakini walimu, madarasa na vitabu havikuongezeka kwa kiasi hicho. Mahmood Mamdani, katika kitabu chake cha 2007 kuhusu mageuzi hayo, anaeleza jinsi vitivo vilivyogombania wanafunzi kwa kubuni kozi zinazouzika.

Shuleni nako hali ilikuwa inabadilika. Elimu ya msingi bila ada ilianza 1997, ya sekondari 2007, na madarasa yakafurika. Mwalimu wa darasa kama hilo hufundisha mtihani. Mwanafunzi hukariri vijitabu vya maswali na majibu. Anafika chuo kikuu hajawahi kuandika kurasa 5 kwa maneno yake mwenyewe, na huko anakutana na mhadhiri asiye na muda wa kusahihisha insha. Anapewa nukuu za fotokopi, anazikariri, anazirudisha kwenye karatasi ya mtihani. Ni sekondari iliyoongezwa miaka 3, safari hii ikaishia kwa joho.

Waajiri nao wamepandisha kigezo. Kazi iliyokuwa ya mwenye stashahada sasa yataka shahada, ya shahada yataka uzamili, na kazi yenyewe ni ileile.