Kofia ya dhahabu na uozo chini yake: kisa cha mwaka 1910

Tuanze na swali. Daktari wa meno akikuambia gego lako limetoboka sana na linahitaji kuvalishwa kofia, unadhani hiyo kofia inatibu nini? Wengi tungejibu haraka: si inatibu jino? Kumbe hapana. Kofia haitibu kitu. Kazi yake ni kulifunika jino ambalo tayari limetibiwa, ili lisipasuke unapotafuna. Kuna wakati watu walichanganya kutibu na kufunika, na wagonjwa wengi wakaishia kubaki vibogoyo. Twende taratibu.

Dhahabu mdomoni si jambo jipya. Waetruski, waliokaa Italia kabla Roma haijawa dola kubwa, walikuwa wakifunga meno kwa mikanda myembamba ya dhahabu zaidi ya miaka 2,500 iliyopita. Sheria za kale za Warumi, zile za Vibao Kumi na Viwili, zilikataza kumzika mtu na dhahabu, ila ile iliyofungia meno yake waliiruhusu.

Mwaka 1728 Mfaransa Pierre Fauchard akachapisha kitabu kikubwa kuhusu tiba ya meno. Humo alieleza jinsi ya kusimamisha jino la kuchonga juu ya mzizi uliobaki, kwa kutumia kijiti cha dhahabu au fedha. Fauchard huyohuyo aliipinga imani kwamba meno hutobolewa na mnyoo. Sisi hadi leo tunasema "jino limeliwa na wadudu", na ukweli ni kwamba hatuko mbali sana. Mwaka 1890 Mmarekani Willoughby Miller, aliyefanya kazi Berlin, alieleza kwamba bakteria wa mdomoni hugeuza sukari na wanga kuwa asidi, na asidi hiyo ndiyo hulitoboa jino. Wadudu wapo, ila ni wadogo mno kuonekana kwa macho.

Sasa tufike kwenye kiini cha kisa. Mwishoni mwa karne ya 19, kofia za dhahabu zilipendwa sana Marekani. Fundi alichukua bati jembamba la dhahabu, akalikunja lifanane na jino, akalibandika juu. Linang'aa, linaonyesha uwezo wa mtu, na jino halionekani tena kuwa bovu. Lakini jiulize, chini ya kofia kulikuwa na nini? Mara nyingi mzizi haukusafishwa vizuri. Eksirei iligunduliwa mwaka 1895 tu, kwa hiyo madaktari wengi walikuwa bado hawana njia ya kuona ncha ya mzizi. Kingo za kofia nazo hazikukaa sawasawa, chakula kikaingia, fizi zikavimba, na usaha ukajikusanya kimyakimya.

Mwaka 1910 daktari kutoka London, William Hunter, alialikwa kuzungumza Chuo Kikuu cha McGill, Montreal. Hakupamba maneno. Alizifananisha kofia zile na kaburi la kifahari la dhahabu lililojengwa juu ya uozo. Alidai uchafu huo wa mdomoni unasambaa mwilini na kuleta upungufu wa damu, maradhi ya tumbo na mengineyo.

Ukitazama vizuri, nusu ya hoja yake ilikuwa sahihi kabisa. Kufunika usaha kwa dhahabu ni tiba mbaya. Tatizo lilianza pale wengine walipoichukua hoja hiyo na kuivusha mipaka. Miaka miwili baadaye Frank Billings wa Chicago aliipa nguvu nadharia kwamba kituo kidogo cha maambukizi, kama jino au tonsili, kinaweza kuzaa ugonjwa mahali pengine mwilini. Jino lolote lililokufa likawa mshukiwa. Una maumivu ya viungo? Ng'oa. Unaumwa tumbo na sababu haijulikani? Ng'oa. Meno mazima nayo yakaondolewa kwa tahadhari tu.

Pengine palipoumiza zaidi ni Trenton, jimbo la New Jersey, kwenye hospitali ya wagonjwa wa akili. Mkuu wake, Henry Cotton, aliamini wazimu unatokana na maambukizi yaliyojificha. Akawang'oa wagonjwa meno. Asiyepona akaondolewa tonsili, na baadhi wakakatwa hadi utumbo mpana. Wengi walikufa baada ya upasuaji huo wa utumbo.

Ilikuwaje watu wasomi wakakubali hayo? Hapa ndipo somo la kisayansi lilipo. Maumivu ya viungo yana tabia ya kupanda na kushuka yenyewe. Ukimng'oa mtu meno siku maumivu yalipofika kileleni, wiki zijazo huenda akajisikia nafuu, na sifa zote zitaenda kwa koleo. Bila kumlinganisha na mgonjwa ambaye hakung'olewa, huwezi kujua. Mwaka 1938 Russell Cecil na Murray Angevine walichambua wagonjwa 200 wa baridi yabisi na hawakuona kwamba kuondoa meno na tonsili kuliwasaidia. Cecil mwenyewe hapo awali alikuwa ameiunga mkono nadharia hiyo. Yaani alikagua imani yake na kuiacha. Nadharia ikaanza kupoteza nguvu, ingawa kwa waliokwisha kung'olewa, meno hayakurudi.

Kofia yenyewe haikufa, ila ilibadilika. Mwaka 1907 William Taggart alionyesha namna ya kumimina dhahabu ya meno kwa nta: unachonga umbo kwa nta, unalizungushia plasta, unaiyeyusha nta itoke, kisha unaingiza dhahabu iliyoyeyuka. Wazo hilo mafundi wa Ife na Benin walikuwa wakilitumia kwenye sanamu zao karne nyingi kabla. Faida yake kwa jino? Kingo zinabana barabara. Charles Land wa Detroit akatengeneza kofia za kauri, na miaka ya 1960 ikaenea ile ya chuma kilichofunikwa kauri. Juu ya yote, eksirei na usafishaji wa mizizi vikamwezesha daktari kujua anafunika nini.

Tahadhari moja: hii haimaanishi mdomo hauna uhusiano na mwili. Bakteria wa mdomoni wanaweza kuingia kwenye damu, na kwa mtu mwenye vali za moyo zenye hitilafu hilo ni hatari ya kweli. Jipu la jino pia si la kupuuzwa.

Wahenga walisema jino la pembe si dawa ya pengo. Kwa hiyo siku ukikaa kwenye kile kiti, usiwe na haraka ya kusema "daktari, ng'oa tu yaishe", wala usidanganywe na mng'ao. Uliza mambo matatu: Je, jino hili bado linaweza kuokolewa? Picha ya eksirei inaonyesha nini kwenye mzizi? Na kama mzizi umeoza, utasafishwa kabla ya kofia kuwekwa? Una haki ya kujibiwa yote matatu kabla sindano ya ganzi haijaingia.