Kivuko Kisichofungwa

Ewe msomaji, kama umepata kuvuka Likoni, wajua kazi ya kivuko: ni kufikisha watu ng'ambo pasipo kuzunguka njia ndefu. Katika mwili wa mtoto aliye tumboni kimo kivuko cha namna hiyo, na historia yake ina funzo kwetu.

Moyo huanza ukiwa kijibomba tu. Yapata siku 22 tangu kutungwa mimba, hupiga; kisha hujikunja, na kuta huota ndani yake zikaugawa vyumba vinne. Kazi hiyo huanza kabla akina mama wengi hawajatambua kuwa ni wajawazito, na kufikia juma la nane sehemu kubwa imekwisha. Kuta zisipokutana, tundu husalia.

Tena mtoto havuti pumzi tumboni. Kwa hiyo damu nyingi huyaepuka mapafu, ikapita katika mshipa mfupi unaounganisha mshipa wa mapafu na mshipa mkuu wa mwili. Hicho ndicho kivuko chetu. Mtoto akisha kuzaliwa, mshipa huo hujikaza, ukafungika baada ya siku chache. Usipofungika, damu iliyokwisha kupata hewa hurudi mapafuni, na moyo hutaabika kwa kazi ya bure.

Mwaka 1938, mjini Boston, Marekani, daktari Robert Gross alikifunga kivuko hicho kwa uzi kifuani mwa binti wa miaka 7, naye akapona. Lakini kuziba si kujua chanzo. Wataalamu wengi walidhani kuwa tumbo la mama ni ngome, na kwamba kasoro hizi ni urithi tu.

Aliyeivunja dhana hiyo alikuwa daktari wa macho, Norman Gregg wa Australia. Mwaka 1941 alieleza habari za watoto 78 waliozaliwa na mtoto wa jicho; wengi wao walikuwa na kasoro ya moyo pia. Aliposikiliza habari za mama zao, aligundua kwamba karibu wote waliugua rubela, maradhi ya upele yafananayo na surua, mwanzoni mwa mimba. Chanjo yake ilipatikana mwaka 1969, na hapa Kenya watoto walianza kupewa pamoja na ile ya surua mwaka 2016.

Si kasoro zote zitokazo na rubela. Hata hivyo, azaliwapo mtoto wa namna hii, iwe Kisauni au Changamwe, hakosi mtu wa kumlaumu mama: alikula hiki, alipita pale usiku. Wahenga walisema, mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Gregg hakuanza kwa kulaumu. Alisikiliza, na ukweli ukadhihirika. Nawe, usikiapo lawama hizo, kumbuka kwamba moyo ule uliumbika katika majuma ambayo mama hakuyaona, kisha umsaidie kumfikisha mtoto hospitali.