Joto la Bahari Ndani ya Kioo

Bahari haina pupa katika jambo la joto. Jua huchoma mchana kutwa, usiku ukaja na baridi yake, mvua za masika zikamwagika, na maji yaliyo kando ya mwamba yakabadilika kwa kadiri ndogo mno, kwa kuwa wingi wake umezidi nguvu ya siku moja. Katika mwambao wetu wa Afrika Mashariki maji ya juu huwa takriban digrii 25 za Selsiasi wakati wa kusi, na hukaribia 30 mwishoni mwa kaskazi. Safari hiyo ya digrii nne au tano huchukua miezi. Matumbawe yaliyoumbwa kuishi katika taratibu hiyo, yakitiwa katika tangi la kioo lenye lita 50, hujikuta mahali ambapo asubuhi moja ya jua la dirishani yaweza kufanya kazi ya msimu mzima. Kwa hiyo historia ya kufuga matumbawe majumbani, ukiitazama vizuri, ni historia ya watu waliotafuta badala ya ukubwa wa bahari.

Kwamba viumbe hawa wamefungwa baina ya mipaka miwili ya joto, wanazuoni walilitambua mapema. Mmarekani James Dwight Dana, aliyesafiri katika msafara wa kiserikali wa kuchunguza bahari kati ya 1838 na 1842, alieleza kwamba miamba ya matumbawe haijijengi mahali ambapo maji ya mwezi wa baridi kuliko yote hushuka chini ya digrii 20 hivi. Huo ulikuwa mpaka wa chini. Mpaka wa juu ulidhihirishwa mwanzoni mwa karne ya ishirini na Alfred Mayer, katika maabara yake visiwani Dry Tortugas, Florida, alipoonyesha kwamba matumbawe huishi katika joto lililo digrii chache tu chini ya lile linaloyaua. Kisha C. M. Yonge, aliyeongoza msafara wa Great Barrier Reef huko Australia mwaka 1928 na 1929, akabainisha pamoja na mwenzake kwamba matumbawe yakizidiwa na joto hutoa nje mwani mdogo sana unaoishi ndani ya nyama yake, nao ndio unaoyapa sehemu kubwa ya chakula na rangi.

Lakini wa kwanza kuhangaika na maji ya chumvi ndani ya nyumba hawakuwa na habari ya hayo yote, wala matumbawe yao hayakuwa ya bahari za joto. Mwaka 1846 bibi mmoja wa Kiingereza, Anna Thynne, mke wa kasisi mkubwa wa Westminster, aliona huko Torquay matumbawe madogo ya bahari ya baridi, akayapenda, akayashona kwa sindano na uzi juu ya sifongo ili yasigongane njiani, akayapeleka London katika mtungi. Maji mapya ya bahari yalipokuwa adimu, mtumishi wake aliamriwa kuyamimina yale ya zamani kutoka chombo kimoja hadi kingine mbele ya dirisha lililo wazi, muda wa nusu saa au zaidi kila siku, ili yapate hewa. Kwa kazi hiyo ya mikono matumbawe yaliishi karibu miaka mitatu. Nia ya bibi yule ilikuwa hewa. Walakini maji yanayomiminwa penye upepo hupoa pia, na yamkini uhai wa viumbe wake ulitegemea jambo hilo la pili kama ulivyotegemea la kwanza.

Ushindi wa watu binafsi ulifuatwa na tamaa ya umma. Mei 1853 bustani ya wanyama ya Regent's Park, London, ilifungua Nyumba ya Samaki, jengo la chuma na kioo, na mwaka uliofuata Philip Henry Gosse akatoa kitabu chake juu ya matangi ya bahari, kikaenea, na matangi yakawa pambo la sebule za wenye uwezo. Hapo ndipo kosa kubwa la zama zile lilipoonekana. Watu walidhani kwamba kwa kuwa mimea huhitaji nuru na hewa hutoka kwenye mimea, basi jua likizidi ni heri zaidi. Wakaweka matangi madirishani, na jengo la Regent's Park lenyewe likawa nyumba ya kioo inayonasa jua. Maji yakageuka kijani, yakapata moto wakati wa kiangazi, na viumbe wa bahari ya baridi wakafa makundi kwa makundi. Nuru na joto vilikuwa vimeingia kwa mlango mmoja, na hakuna aliyejua namna ya kukaribisha kimoja na kukizuia cha pili.

Aliyelijua jambo hilo kwa kulifanyia kazi alikuwa William Alford Lloyd, mfanyabiashara wa London aliyeuza viumbe wa bahari na maji ya bahari, kisha akaitwa Hamburg kusimamia nyumba ya matangi iliyofunguliwa huko mwaka 1864, na mwaka 1871 akasimamia ile ya Crystal Palace, kusini ya London. Tadbiri yake ilikuwa nyepesi kusimulia na nzito kutenda. Chini ya matangi ya maonyesho alijenga hodhi kubwa, yenye giza, iliyozama ardhini, ikibeba maji mengi mara kadhaa kuliko yale yaliyoonekana na wageni. Na pampu za mvuke zikayazungusha maji usiku na mchana, yakipanda penye nuru na kurudi gizani. Joto la mchana lililoingia katika tangi moja liligawanywa katika maji yote, na ardhi iliyoizunguka hodhi ikalimeza lililobaki. Hapakuwa na chombo cha kupoza wala cha kupasha. Palikuwa na wingi, kivuli na mzunguko. Anton Dohrn alipoanzisha kituo chake cha elimu ya bahari mjini Naples mwaka 1872, na matangi yake yakafunguliwa kwa umma 1874, aliomba shauri la Lloyd, na mpango uleule ukafuatwa.

Msomaji wa pwani hataona ugeni katika hekima hiyo. Nyumba za kale za Lamu, zilizojengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, zilikuwa na birika za maji ambamo samaki wadogo waliachwa wale viluwiluwi vya mbu, na ukuta mnene wa jiwe uliwatunzia ubaridi hata jua la saa saba likawa halina hila juu yao. Fundi wa Lamu na fundi wa London hawakujuana, ila wote wawili walijua kwamba maji yaliyositiriwa hubadilika kwa uvivu, na uvivu huo ni amani ya viumbe waliomo.

Wazungu walipoanza kutamani viumbe wa bahari za joto, mashaka yaligeuka upande wa pili, kwa maana adui sasa alikuwa ubaridi wa usiku wa kipupwe. Wafugaji wa mwanzo waliwasha taa ya mafuta au mwali wa gesi chini ya tangi lenye sakafu ya jiwe au madini, wakaamka alfajiri kutazama kipimajoto. Ukombozi ulitoka katika wazo lililokuwapo zamani: Andrew Ure wa Skotlandi alipata hataza mwaka 1830 ya themostati iliyotumia ukanda wa madini mawili yaliyounganishwa, ambao hupinda joto linapobadilika kwa sababu madini hayo hayatanuki kwa kadiri moja. Umeme ulipoingia majumbani, ukanda huo ulitiwa pamoja na waya wa moto ndani ya mrija wa kioo, na tangu hapo hita ikajiwasha na kujizima bila mlinzi.

Hata hivyo matumbawe ya miambani hayakustawi upesi, na waliofanikiwa kwanza ni wale ambao bahari ya joto ilikuwa mlangoni mwao. Huko Nouméa, Kaledonia Mpya, René Catala alifungua mwaka 1956 nyumba ya matangi iliyopitisha maji mabichi ya bahari, na humo matumbawe hai yakaonekana na umma. Jakarta, Lee Chin Eng alifuga matumbawe katika matangi madogo kwa mawe hai, yaani mawe yaliyotolewa baharini pamoja na viumbe wake, kwa mapovu ya hewa na nuru ya jua, na mwaka 1961 habari za njia yake zikachapishwa Marekani. Wengi walioiga Ulaya na Amerika walishindwa, wakalaumu mawe au chumvi. Ilhali mji wa Lee ulikuwa umekwisha kumfanyia nusu ya kazi, kwa kuwa joto la Jakarta halitofautiani sana mwaka mzima.

Katika miaka ya 1970 na 1980 Wajerumani na jirani zao, miongoni mwao Peter Wilkens na Dietrich Stüber wa Berlin, walipata njia ya kuyakuza matumbawe magumu mbali na bahari, kwa mawe hai, mashine za kuondoa uchafu kwa povu, na taa kali za metali halidi. Taa hizo zilileta upya mtihani wa Regent's Park: nuru iliyotakiwa ilikuja pamoja na moto usiotakiwa, na taa ya wati 250 juu ya tangi dogo iliweza kulipandisha joto kupita mpaka alioueleza Mayer. Wenye fedha walinunua mashine za kupoza maji; wengine walielekeza feni juu ya uso wa maji. Feni si kitu cha kudharauliwa, kwani kila lita moja inayogeuka mvuke huchukua joto linalotosha kupoza lita 100 kwa digrii tano au zaidi. Lakini maji huondoka na chumvi hubaki, hata mfugaji akalazimika kuongeza maji matamu kila siku, na katika miji kama Mombasa au Dar es Salaam, ambako hewa ya kaskazi imekwisha kushiba unyevu, msaada wake hupungua.

Mwanzoni mwa karne hii, taa za LED zilipopunguza moto unaoangukia maji, watu wengi walithubutu kufuga matumbawe katika matangi ya lita 40 au hata 20, na hapo somo la Lloyd likarejea kwa ukali wake wote. Tangi dogo lina uso mkubwa kwa kulinganisha na ujazo wake, kwa hiyo hupokea na kupoteza joto upesi. Wafugaji wenye busara huliweka mbali na dirisha. Hulizidishia maji kwa tangi la pili lililofichwa chini ya meza, ambalo ni mjukuu wa hodhi ya Crystal Palace. Huyapasha maji mapya mpaka yalingane na ya zamani kabla ya kuyamimina. Badala ya hita moja kubwa hutia mbili ndogo, maana themostati ikichakaa migusano yake yaweza kugandana na kuacha moto ukiwaka: hita ndogo iliyogandana haitoshi kuyachemsha maji, na iliyokufa huachiwa nafasi na mwenzake. Kisha huweka kidhibiti kingine nje ya hita, kinachokata umeme joto likipita kiasi, na kipimajoto cha pili cha kukisadikisha cha kwanza. Katika haya yote hakuna anasa, kwani kila kifaa kimesimama mahali pa maji ambayo chumba hakina nafasi ya kuyaweka.

Lakini mwaka 1998 ulitufundisha kwamba hata ukubwa wa bahari una kikomo. Maji ya Bahari ya Hindi yalizidi joto la kawaida la msimu kwa digrii moja au mbili, yakakaa hivyo kwa majuma mengi, na matumbawe ya Kenya, Tanzania, Shelisheli na Maldivi yakapauka, mengi yakafa. Mtu aliyewahi kulinda tangi dogo hahitaji kuelezwa maana ya digrii mbili. Na mimi nasadiki kwamba maarifa yaliyokusanywa kwa taabu katika vyumba vidogo yamekuwa sasa amana ya wote.

Ushahidi umetoka kusini ya London, si mbali na lilipokuwa Crystal Palace. Katika makumbusho ya Horniman, Jamie Craggs na wenzake walitunga matangi yasiyoungana na bahari ambamo joto hupanda na kushuka kwa kufuata mwaka wa mwamba yalikotoka matumbawe, pamoja na urefu wa mchana na nuru ya mwezi. Na mwaka 2017 walieleza jinsi aina nne za matumbawe ya Acropora zilivyozaa humo kwa majira yake. Walioziweka digrii mahali pamoja mwaka mzima waliyahifadhi matumbawe hai. Hawa waliyaweka hai na yenye kuzaa. Uthabiti unaotakiwa, basi, si wa joto lisilosogea, bali wa joto linalosogea kwa mpango na kwa pole, kama kusi inavyoipisha kaskazi. Na yeyote anayetaka kuusaidia mwamba uliojeruhiwa hana budi kuijua kwanza kalenda hiyo ya bahari, kisha aitii.