Barua ya Kano na Kamati Isiyokuwepo

Mwaka 1996 homa ya uti wa mgongo iliua zaidi ya watu 11,000 nchini Nigeria. Katikati ya balaa hilo kampuni ya Pfizer ilifika katika hospitali ya magonjwa ya kuambukiza mjini Kano na kufanya majaribio kwa watoto 200: nusu walipewa dawa mpya, Trovan, na nusu ceftriaxone. Watoto 11 walifariki. Kampuni ilikana kosa, ikasema kilichowaua ni ugonjwa, ingawa mwaka 2009 ilikubali kulipa dola milioni 75 kumalizana na Jimbo la Kano. Ushahidi unaonishughulisha zaidi ni karatasi moja tu, barua ya kamati ya maadili ya hospitali iliyoidhinisha utafiti. Baadaye ilibainika kuwa barua hiyo iliandikwa majaribio yakiwa yameshapita, ikapachikwa tarehe ya nyuma. Kamati yenyewe haikuwepo.

Madaktari wa Kano hawakukosa elimu. Kilichokosekana ni chombo chenye mamlaka ya kumwambia mgeni mwenye fedha, “Hapana.” Kwa hiyo mafunzo ya maadili ya utafiti, yaliyoanza kugharamiwa na Kituo cha Fogarty cha Marekani mwaka 2000 na kufika Ibadan na KwaZulu-Natal, tuyapime kwa vyombo vilivyoachwa nyuma, idadi ya vyeti haitoshi. Nigeria ilipata kanuni zake za taifa mwaka 2007, na kamati zikatakiwa kusajiliwa. Hilo ni zao linaloshikika.

Wapo wanaosema haya ni maadili ya kuletewa. Fedha, ndiyo, zililetwa. Ila Marekani nayo haikuzaliwa na kamati hizi: kule Tuskegee, kuanzia 1932 hadi 1972, wanaume weusi wenye kaswende waliachwa bila tiba ili ugonjwa utazamwe, na sheria ya kulinda washiriki wa utafiti ilikuja 1974, baada ya fedheha. Tena Pfizer ilidai wazazi wa Kano walielezwa kwa mdomo, kwa Kihausa. Nani angeweza kuhakiki maelezo hayo kama si mtu anayeijua lugha na watu wake? Wengine huhofia kwamba kamati zitachelewesha tiba wakati wa mlipuko. Zitachelewesha zikiundwa siku ya mlipuko; iliyozoea kazi hukutana haraka. Basi serikali zetu ziziwekee kamati hizi fungu katika bajeti, kwa maana ufadhili wa nje una tarehe ya kwisha.