Asidi ya Muhogo na Maji ya Uhai

Katika Kasuku, ukingo wa magharibi wa mto Lualaba mjini Kindu, Maniema, Kongo, muhogo mchungu huloweshwa siku tatu hata nne kabla ya kuanikwa na kutwangwa unga wa bugali. Na katika muda huo vijidudu visivyoonekana kwa macho huila sukari yake na kutoa asidi laktiki, ile ile iliyomo katika maziwa ya mgando, ambayo huvizuia vijidudu viozeshavyo, huku muhogo ukilainika na sumu yake ya sianidi ikitoka. Kazi hii ina hatari ikiharakishwa: mwaka 1938 tabibu Trolli aliandika habari za konzo, maradhi yapoozayo miguu, huko Kwango, na wataalamu waliomfuata wakadhihirisha kwamba huwashika walao muhogo mchungu usioloweshwa vya kutosha.

Elimu iliyokuwa mikononi mwa mama zetu ilichelewa kuingia maabara. Mwaka 1780 Scheele, mkemia wa Uswidi, aliitenga asidi hiyo katika maziwa yaliyochacha. Na mwaka 1857 Louis Pasteur, akiwa Lille nchini Ufaransa, akabainisha kwamba mwenye kuifanya ni kiumbe hai. Mwaka 1881 ikaanza kutengenezwa kwa biashara huko Littleton, Massachusetts, na tangu hapo watengenezaji ngozi wakaitumia kuondoa chokaa, wapikaji wa viwandani kutia uchachu katika vyakula, na siku hizi hutengenezewa hata plastiki.

Lakini kwa watu wa Maniema, ambako kipindupindu hakijawa hadithi ya kale, matumizi yaliyo adhimu kuliko yote ni ya tabibu. Mwingereza Sydney Ringer, katika miaka ya 1880, alitunga maji ya chumvi yanayouwezesha moyo wa chura kuendelea kudunda nje ya mwili. Na mwaka 1932 Alexis Hartmann, tabibu wa watoto wa St. Louis, akayaongezea chumvi ya asidi laktiki, kwa kuwa ini huigeuza ikawa bikaboneti, na damu iliyozidi uchachu ikarejea katika kadiri yake. Ndiyo dripu ya Ringer iliyotiwa mishipani mwa wakimbizi wa Goma walioshikwa na kipindupindu mnamo Julai 1994. Na mgonjwa wa kilo 60 aliyekaukiwa maji kabisa huhitaji lita 6 zake katika saa tatu.