Kambi ya Wranglers

Kambi ya Wranglers ni eneo la kupiga kambi kwa wapanda farasi katika hifadhi ya Land Between the Lakes, jimboni Kentucky, Marekani. Hifadhi hiyo, iliyoanzishwa mwaka 1963 na Rais John F. Kennedy, imo kati ya maziwa mawili ya mabwawa: Kentucky, kwenye mto Tennessee, na Barkley, kwenye mto Cumberland. Tangu 1999 inasimamiwa na Idara ya Misitu ya Marekani. Kambi ina mabanda ya farasi, maji, umeme na njia zinazopita msituni. Mwenye farasi hutakiwa kuwa na cheti cha kipimo cha Coggins, kinachobaini anemia ya kuambukiza ya farasi, ugonjwa wa virusi usio na tiba, unaoenezwa na nzi wanaofyonza damu.